Witiri na Shufwa

Muuza maua pale stesheni ya Cesis
aliniuliza bila kuinua macho:
"Ya aliye hai, au ya msiba?"
Kwetu Latvia aliye hai hupewa witiri,
matatu, matano, saba,
na maiti hupewa shufwa.
Mama yako, Ilze, alikuwa katikati.
"Matano," nikasema, na nikasema haraka
kama mtu anayelipa deni kabla hajadaiwa.
Maua ya dalia, mekundu rangi ya bitiruti.

Ulifungua mlango umevaa sweta la kaka yako,
mikono ikinuka dawa ya kufulia.
Nikasema lile ambalo kila mtu husema:
"Ukihitaji chochote, niambie."
Ukanitazama kama uliyepewa fomu ya kurasa nne
na kalamu isiyo na wino.

Mgonjwa haulizwi uji.
Na anayemuuguza je?
Yeye ana maswali yake, yanamtosha:
morfini saa ngapi, shuka safi limebaki lipi,
Guntis atapata ndege lini kutoka Dublin,
nani atamwambia bibi
kwamba binti yake anamtangulia.

Basi nikaacha kuuliza.
Pole haipasui kuni, nikachukua shoka.
Pole haing'oi viazi, na sakitu ilikuwa njiani,
usiku mmoja tu ungeozesha shamba zima.
Nikapokea simu. "Amelala," nikasema,
mara kumi na moja, hata pale ulipokuwa
umesimama jikoni, macho makavu,
unakula siagi kwa kijiko.
Shangazi Velta alitaka kukulilia wewe.
Nikamwacha anililie mimi,
dakika arobaini, sikio likawaka moto.

Jumanne nilikosea.
Nilisema, "Angalau hana maumivu tena."
Ukaweka sahani chini, polepole,
ukatoka, ukakaa garini bila kuwasha injini.
Sikukufuata. Sijui hadi leo kama ilikuwa heshima au woga.
Nikaosha ile sahani. Ilikuwa safi tayari.

Jumatano Mirdza alifumbua macho,
akageuza kichwa kuelekea dirishani
na midomo yake ikahesabu.
"Matano," akasema.
"Kumbe bado mnaniweka upande wenu."
Ukacheka, Ilze, kicheko kilichokatika katikati
kama uzi unaoumwa kwa meno,
naye akafurahi kwamba amekuchekesha,
akalala.

Alhamisi, kabla hakujapambazuka,
hukuniita. Nilisikia tu
ukifungua dirisha la chumba chake
na baridi ikapita chini ya mlango wangu.

Sikuingia.
Nilichukua msumeno, nikaenda msituni,
nikakata matawi ya msonobari
na kuyatandika toka lango hadi kizingiti,
ili anayepita barabarani ajue
na asipige honi.
Utomvu ulinata vidoleni siku tatu,
kila nilichoshika kilinukia msitu:
mkate, bahasha za salamu, bega lako.

Guntis alifika jioni, amechelewa,
na mfuko wa chokoleti wa uwanja wa ndege
aliokuwa amemnunulia mama.
Hakuna aliyejua auweke wapi.
Ukakaa juu ya friji wiki nzima.

Usiku ule nilikaa mbele ya chombo cha maua
nikipiga hesabu yangu ya kijinga:
stesheni imefungwa, la sita nitalipata wapi?
Ulikuja peku, ukasimama nyuma yangu.
Ukachomoa ua moja, maji yakadondoka mezani,
ukalitia kwenye glasi ya mtindi
na kuiweka kati ya kikombe chako na changu.
Manne yakabaki kwake.
Hukusema neno.

Kisha ukauliza, swali lako la kwanza tangu nije,
kama viazi vimekwisha.
"Imebaki mistari miwili," nikasema.
Ukachukua tochi, ukavaa viatu vya mama yako,
nami nikabeba ndoo.